Msafara wa boti Ulaya: Canal du Midi, Friesland au Kennet and Avon?

Kila ikifika mwezi wa pili, wa tatu hivi, meseji zinaanza kuingia kutoka kwa watu wetu walioko huku Ulaya, mara yuko Rotterdam, mara yuko Birmingham, mara dada yake anakuja likizo kutoka Mombasa, na swali ni lile lile: tuko familia mbili au tatu, tunataka kukodi boti tukae wiki nzima kwenye mifereji tukiwa msafara mmoja, twende wapi? Mi huwa nawauliza kwanza, mnataka mwonane kiasi gani? Manake hapo ndo penye uamuzi wote. Kuna njia za maji zenyewe tu zinawakusanya, asubuhi mpaka jioni mko pamoja mtake msitake, na kuna nyingine kila boti inashika njia yake mnaonana usiku kwenye chakula. Kundi linalotaka kushinda pamoja likipelekwa kwenye maji ya kutawanyika, wiki inaisha watu wana vinyongo, na kinyume chake pia ni hivyo hivyo.

Kinacholeta hiyo tofauti ni loki. Kwa asiyejua, loki ni chumba cha mawe kilichojengwa katikati ya mfereji, kina mageti mbele na nyuma, boti zinaingia, geti la nyuma linafungwa, maji yanajazwa (au yanatolewa kama mnashuka), mkishalingana na maji ya upande wa pili geti la mbele linafunguliwa mnatoka. Ndo ngazi ya boti. Sasa kila chumba kina ukubwa wake, na boti ngapi zinaingia kwa mpigo, nani anafungua geti, kwa siku mtapita loki ngapi, hayo matatu yana uzito kuliko mandhari na kuliko hata hali ya hewa.

Boti moja kubwa au ndogo tatu?

Hili limalizeni kabla hamjagusa ramani. Boti kubwa za kukodi zinalala mpaka watu 12 na wengi wakiona hivyo wanasema basi tuingie wote humo tugawane gharama. Mi siungi mkono, labda kama ni ndugu wa nyumba moja waliozoeana. Jiko moja, watoto wa huyu wanalala saa mbili wa yule saa tano, na usukani mmoja ambao kila mtu anautaka, wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama na kwenye boti ya watu 12 utaliona hilo kwa macho yako siku ya pili tu. Alafu boti ndefu upepo ukiibeba ubavuni mgeni hawezi kuirudisha kirahisi. Boti mbili au tatu za watu wanne mpaka sita ni bora mara nyingi sana, kila moja na nahodha wake na sufuria zake, lakini msafara mzima uwe na mtu mmoja wa kusema leo tunalala wapi na tunaondoka saa ngapi. Mchagueni kabla ya safari, msisubiri mkiwa majini. Na chukueni boti za aina moja kwenye base moja (kituo cha kampuni ya kukodisha) ili mwendo ulingane, boti yenye injini dhaifu ikiwa nyuma kila siku familia yake inachoka kuwa ya mwisho.

Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa

Mkinilazimisha nichague mmoja tu kwa kundi linalotaka kushinda pamoja, ni huu. Ulichimbwa kuanzia 1666 mpaka 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, na yeye mwenyewe alifariki 1680 hajauona ukifunguliwa, jambo ambalo mi huwa linaniuma kila nikipita. Unatoka Toulouse mpaka ziwa la Thau pembeni ya Mediterania, km 240, na UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 1996. Loki zake zina umbo la yai, kuta zimebinuka ili zihimili msukumo wa udongo, ukiingia mara ya kwanza unajiuliza boti nitaiegesha wapi kwenye ukuta uliopinda hivi, unazoea.

Sasa kwa msafara. Loki ya Midi kwa kawaida inabeba boti tatu za kukodi, nne kama ni fupi na watu wanajua wanachofanya. Kwa hiyo mkiwa boti tatu mnaingia pamoja, mnapanda pamoja, mnatoka pamoja, watoto wanaongea kutoka deki hii mpaka ile, mtu anampitishia mwenzake sahani ya maandazi juu ya reli. Mkiwa tano mmeshakatika. Tatu zimepita, mbili zinasubiri maji yarudishwe, na kwa kuwa mbele kuna loki nyingine pengo linazidi kukua, bado hujaweka mapumziko ya mchana ambapo loki zinafungwa, kawaida saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu, sasa wa mbele wameponea wa nyuma wamefungiwa, jioni mnajikuta mmelala vijiji viwili tofauti mnapigiana simu. Ndo maana nasema Midi ni boti tatu, mkizidi gawanyikeni kabisa muwe misafara miwili yenye ratiba mbili.

Ngoja nieleze loki ya kupanda kwa karibu maana hapo ndo wageni wanaogopa. Kabla ya kuingia mnashusha mtu mmoja kwenye kigati kilichoko nje, anapanda kwa miguu mpaka juu ya ukuta. Boti inaingia polepole, yule wa juu anarushiwa kamba ya omo (mbele ya boti) kisha ya tezi (nyuma), anaizungusha kwenye nguzo ya chuma mara moja na ncha anairudisha chini kwa aliyeko botini. Hafungi fundo. Kamba inabaki mkononi na kadri maji yanavyopanda unaivuta isilegee. Wakifungua vidirisha vya kupitishia maji kwenye geti la mbele maji yanaingia kwa kishindo, povu jeupe limejaa, na boti iliyo mbele kabisa ndo inasukwasukwa, ya nyuma inatikisika kidogo tu. Kwa hiyo wakati wa kupanda nahodha mzoefu akae mbele, familia ngeni nyuma, na mpangilio huo msiubadilishe kwa sababu mtu amechoka kuwa nyuma. Kushuka ni kwepesi, maji yanaondoka taratibu, lakini huko fundo ni hatari zaidi, maji yanashuka boti inabaki inaning'inia kwenye kamba yake. Weka kisu cha kukatia kamba karibu.

Wiki moja hamuwezi kumaliza mfereji wote, msijaribu. Mwendo unaoruhusiwa ni km 8 kwa saa na loki zinakula muda. Kuna kipande kutoka Argens mpaka juu ya Béziers, km 54 bila loki hata moja, humo kuna Le Somail, Capestang yenye daraja la upinde lililoinama kiasi kwamba wote mliokaa juu lazima mshuke, Poilhes, Colombiers, na handaki la Malpas la mita 165 lililotobolewa kwenye kilima. Familia yenye watoto wadogo au mzee aliyekuja kutoka nyumbani ianzie hapo. Mwisho wa kipande hicho ni Fonserannes, loki zilizoungana kama vyumba vya nyumba moja, mnapita sita mfululizo, kuna masaa ya kushuka na masaa ya kupanda na watu wamejaa juu wanawapiga picha. Kundi ambalo limeshazoeana siku tatu nne linafurahia sana pale. Kundi lililoanza jana litagombana pale.

Kitu kimoja picha za zamani hazikuambii. Ile miti mikubwa ya platani iliyofunika mfereji, ilikuwa kama 42,000, ilivamiwa na ugonjwa wa fangasi uliogunduliwa pale 2006, hauna tiba, miti inakatwa maelfu kwa maelfu na kupandwa aina nyingine ambayo bado ni midogo. Vipande vingi sasa ni jua kavu, Julai na Agosti mchana ndani ya boti hakukaliki. Nendeni Mei, Juni au Septemba, hata bei zinakuwa na nafuu. Na majira ya baridi loki zinafungwa kwa matengenezo, hakuna safari.

Leseni hauhitaji ukikodi, kampuni inakufundisha siku ya kwanza na kukupa kibali cha muda kwa boti hiyo.

Friesland, kaskazini mwa Uholanzi

Huku mambo ni mengine kabisa. Maziwa, mito na mifereji ya mkoa imeunganishwa na maji yake yanawekwa usawa mmoja, sentimita 52 chini ya kipimo chao cha Amsterdam (ndo sifuri yao ya kupimia kimo cha maji), mitambo ya kusukuma maji ndo inafanya kazi hiyo, mmojawapo ni ule wa mvuke wa Woudagemaal karibu na Lemmer, wa 1920, mpaka leo unawashwa maji yakizidi. Maji yakiwa usawa mmoja loki za nini? Ndani ya mkoa ni za kuhesabu. Maana yake hakuna kinachowakusanya, kila boti inaweza kukata kona yake, huyu kaenda Sneek kununua vitu, huyu kaenda kuogelea Fluessen, yule kalala mpaka saa nne.

Kinachowasimamisha ni madaraja ya kufunguka. Taa nyekundu subiri, nyekundu na kijani pamoja jiandae, kijani pita, nyekundu mbili maana yake daraja limefungwa halina huduma, usipoteze muda kuzunguka pale. Msafara ukifika daraja ushikamane, mlinzi anafungulia kundi, na boti ya nne ikiwa imebaki mita mia tano nyuma hawezi kusimamisha magari barabarani kuisubiri. Baadhi ya madaraja mlinzi anaweza kukushushia kiatu cha mbao kikiwa kimefungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki, unaweka sarafu zako za euro humo huku boti inapita, hakisimami, kinaning'inia usawa wa kichwa na una sekunde chache tu. Mpeni mtoto kazi hiyo, mpangieni na sarafu kabisa kwenye kikombe, atakumbuka kuliko kitu kingine chochote cha safari.

Kulala ndo raha ya Friesland. Kuna magati ya Marrekrite yametapakaa kwenye visiwa na kingo za maziwa, ni bure, unaruhusiwa mpaka siku tatu sehemu moja, hakuna umeme wala bomba la maji, ni nyinyi na ndege na ng'ombe upande wa pili. Hapo hata boti sita zinapata nafasi, mnajifunga ubavu kwa ubavu, mnahama hama deki, mmoja anapika pilau mwingine samaki. Kwa hiyo kama kundi lenu ni kubwa, boti tano sita, Midi isahauni njooni huku.

Hatari ni mbili. Upepo kwanza, maziwa kama Sneekermeer na Slotermeer ni mapana na hayana kina, upepo ukikaza mawimbi yanakuwa mafupi na makali, boti bapa ya kukodi inapigwa vibaya, bora mbaki kwenye mifereji siku hiyo. Pili ni Prinses Margrietkanaal, hiyo ni barabara ya meli za mizigo, km 65, unakuwa umetulia unageuka nyuma unaona ukuta wa chuma unakuja. Pale mstari mmoja, mkono wa kulia, hakuna kupitana wala kusogeleana kupiga stori, boti ndogo ndo zinapisha na nahodha wa meli haoni kitu kilichoko karibu na omo yake. Leseni hauhitaji kama boti iko chini ya mita 15 na haizidi km 20 kwa saa. Choo kumwaga majini ni marufuku tangu 2009, kuna tenki na kuna vituo vya kunyonya. Mwezi wa nane kuna Sneekweek, mashindano makubwa ya matanga, mji unajaa, kama hamkuja kwa ajili hiyo kaeni mbali na Sneek.

Kasoro yangu na Friesland kwa watu wanaotaka kuwa pamoja ni kwamba makundi yanarudi kila boti ina stori zake. Kwa vijana, kwa mashemeji ambao hawajazoeana sana, kwa watu wanaopenda nafasi yao, hiyo hiyo ndo faida.

Kennet and Avon, Uingereza

Mfereji wa Reading mpaka Bristol, km 140, loki zaidi ya 100, na loki nyingi unafungua mwenyewe. Mnapewa hendeli ya chuma, mnazungusha vidirisha kwa mkono, geti la mbao zito mnalisukuma kwa mgongo. Boti ni zile nyembamba za Kiingereza, upana mita 2.1 tu lakini urefu unaweza kufika mita 21, nahodha anasimama nje kwenye tezi ameshika kana (mkono wa usukani), ukisukuma kulia boti inaenda kushoto, mvua ikinyesha inanyeshea yeye.

Niliuchagua huu na siyo mingine ya Uingereza kwa sababu moja, loki zake ni pana. Mifereji mingi kule loki zinaingiza boti moja moja, msafara unageuka foleni. Hapa zinaingia mbili bega kwa bega, na maji yanayotumika ni yale yale iwe mmoja au wawili, ndo maana hata boti ya watu msiowajua mkikutana nayo mnasubiriana muingie pamoja, ni adabu ya kule na urafiki mwingi unaanzia hapo. Kwa hiyo idadi yenu iwe mbili au nne. Tatu ni balaa, mmoja anakuwa peke yake kila loki, anafanya kazi mara mbili siku nzima.

Caen Hill pale Devizes ndo mtihani, loki 29 zinapanda mita 72, 16 kati yake zimepangana kwenye kilima kimoja, inachukua kama masaa matano sita. Boti mbili zinazoelewana zinatoka loki hii zinaingia inayofuata bila kuachana, kila moja na mtu wake wa kana, wengine wote wako nchi kavu, wawili wanafunga nyuma, wawili wametangulia kuandaa loki ya mbele. Sijaona mahali pengine kwenye maji ya Ulaya ambapo watu 8 wanakuwa timu moja haraka hivyo. Matineja wanaonuna nyumbani wanapenda hii kazi, wape hendeli uone.

Tahadhari ya loki za kujifungulia: kwenye geti la juu, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe. Mkiwa mnashuka, tezi ikikaa juu ya kizingiti maji yakiisha nyuma inabaki juu mbele inazama, na boti inajaa maji kwa dakika chache. Kuna mstari mweupe umepakwa ukingoni, tezi iwe mbele ya mstari huo muda wote na mtu mmoja kazi yake iwe kuutazama. Asishike simu, asishike kamba.

Visa na hela

Midi na Friesland zote ni Schengen, mgeni wa visa ya Schengen anaingia kote, na mwenye kibali cha kuishi nchi mojawapo anaweza kwenda nyingine mpaka siku 90 ndani ya 180. Uingereza ni visa yake peke yake, kwa hiyo kama kundi lina watu wa Uholanzi na wa Leicester kule Uingereza anzeni kwanza kuhesabu nani anaweza kuvuka kwenda kwa nani, kuna makundi yanachagua mfereji alafu yanagundua nusu yao hawawezi kufika. Wanaofikiria Ireland wawe makini zaidi, ile njia ya maji ya Shannon-Erne ni tamu, km 63, loki 16 za kujifungulia kwa kadi, ilifunguliwa upya 1994, lakini inaingia Ireland Kaskazini ambayo ni Uingereza, hakuna askari wala kizuizi mpakani ila kisheria mwenye pasi ya Tanzania au Kenya na visa ya Ireland peke yake haruhusiwi kuvuka. Ballyconnell, kabla ya mpaka, ndo mahali pa kugeuzia.

Kwenye bei ulizeni vitu vinne kabla ya kulipa: mafuta yamo au yanalipwa kwa masaa ya injini, usafi, dipoziti, na bima inayopunguza hiyo dipoziti, manake boti tatu ni dipoziti tatu na hela hiyo inashikiliwa kwenye kadi yako wiki nzima. Rhine na mito mingine mikubwa ya mizigo sijaigusa kwa makusudi, huko unahitaji cheti na siyo mahali pa msafara wa wanaoanza.

Mkibuki, andikeni kabisa kwamba nyie ni kundi moja, base iwapangie boti zilizoegeshwa jirani na mafunzo ya siku ya kwanza mfanye wote kwa pamoja, siyo manahodha tu, kila atakayeshika kamba awepo, hata kama ni bibi.